Tumbo la Bati

Siku ile mjinga alikuwa Fundi Redio. Tuseme mapema ili watu wasihangaike kumtafuta mwingine. Shemeji yake, fundi cherehani na ndugu wa mkewe, naye ana kipande chake cha ujinga katika habari hii, lakini fungu kubwa, lile lenye mafuta, lilimwangukia Fundi Redio, na alilila peke yake mpaka akaramba sahani.

Jina la Redio lilimbakia hata baada ya redio zenyewe kumkimbia. Watu walipoacha kupeleka redio kwa fundi na kuanza kuzitupa, alifunga duka, akabeba nyumbani chuma chake cha kulehemu, miwani ya kukuzia, na makopo ya matone ya bati aliyoyakusanya chini ya meza ya kazi kwa umri mzima. Mkewe alitaraji kwamba sasa mwanamume atapumzika. Wapi. Mtu aliyeishi ndani ya matumbo ya redio hawezi kuamka siku moja akaanza kutazama vitu vikubwa. Alianza kuyeyusha lile bati na kutengeneza watu.

Watu wenyewe hawakuzidi kidole gumba. Katika chumba cha nyuma, kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa, alilaza mlango mkuukuu juu ya vigoda, na juu ya mlango huo mtaa mzima ukaanza kusimama. Alikuwapo kinyozi na mkasi wake. Alikuwapo muuguzi akirudi kutoka zamu, viatu mkononi. Fundi wa funguo alikuwa amesinzia kwenye stuli yake, na jirani mgomvi alikuwa amenyoosha kidole, maana hakuna aliyewahi kumwona amekikunja. Fundi Redio alimimina, shemeji yake akapaka rangi. Mtu aliyetumia maisha yake akilinganisha uzi na kitambaa ana jicho, na yule bwana aliweza kuchora mistari ya shati mahali ambapo wewe na mimi tungeona doa tu.

Majirani waliwacheka, watu wazima na mvi zao, wanacheza na wanasesere. Waliwacheka mpaka walipojiona. Baada ya hapo walikuja kwa zamu, wakiomba wapunguziwe masikio.

Meza ile ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kilichoharibika hurudi chunguni. Ya pili, mtu hagusi kazi ya mwenzake. Sheria ya pili ilipatikana kwa gharama: zamani shemeji mtu alikwangua pua ya kinyozi kwa kuona imezidi, na mashemeji hao wakapitisha msimu mzima wa mvua wakisalimiana kupitia watoto.

Katika mtaa ule wote alikosekana mtu mmoja tu, naye ni mwenye nyumba, mke wa Fundi Redio. Si kwamba hakutengenezwa. Alitengenezwa akachoka. Kila mara Fundi alisimama mbele ya picha ya harusi ukutani, akafinyanga nta, akamimina bati, akatoka na msichana mzuri mwenye shingo ndefu aliyeinamisha macho, na kila mara alimtazama yule msichana akaona ni mgeni aliyepotea njia. Akamrudisha chunguni. Mkewe alikuwa ameshazoea. Akisikia kijisufuria kinagongwa ukingoni, aliuliza kutoka jikoni, "Ni mimi tena huyo?"

"Ni wewe, mama."

"Basi nichemshe taratibu."

Mzaha huo uliwatosha miaka yote. Safari hii haukutosha. Binti yao, aliyeolewa mbali, alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na mama mtu alikuwa anaondoka kesho yake kwenda kukaa naye mpaka mtoto apate nguvu. Hiyo si safari ya wiki. Fundi Redio alishamwambia mkewe aende bila wasiwasi, yeye si mtoto, na alilirudia neno hilo asubuhi na jioni mpaka hata fundi wa funguo, ambaye huwa amelala, akajua kwamba mzee ana hofu. Alichokitaka ni kimoja. Mkewe asiondoke kabla hajasimama kwenye ule mlango, ili macho yake yapate pa kutua wakati nyumba itakapokuwa kimya.

Basi asubuhi ile, mkewe akiwa sokoni, alifungua dirisha, akawasha jiko, akatazama kopo la bati. Limekauka. Akavuta ile sahani ya zamani iliyobanduka rangi, ambamo vilivyoharibika hungoja hukumu yao. Alikuwamo muuguzi aliyetoka bila mguu, na kinyozi ambaye mkasi wake haukujaa. Na alikuwamo mzee mmoja asiye na rangi, ameketi ameinama, bega moja juu, jingine chini, mdomo wazi kama anayengoja kulishwa, na tumbo ameliweka juu ya mapaja kama mzigo uliosahauliwa kaunta.

Fundi Redio alimnyanyua kwa koleo, akamsogeza chini ya miwani, akacheka mpaka miwani ikapata ukungu. Alijua mara moja kwamba shemeji yake amejaribu kumimina kwa siri na mambo yamemshinda. "Na huyu mlevi ni wa nani?" alimuuliza jirani mgomvi, ambaye alimnyooshea kidole. Angekitazama kile kidole vizuri angejibiwa. Hakutazama. Akamtia mzee kwenye kijisufuria pamoja na wengine. Muuguzi alizama kwanza, kisha kinyozi. Mzee alikwenda kichwa, mabega, mikono. Tumbo ndilo lililokawia.

Shemeji aliingia wakati bati limeanza kupoa. Aliweka mkoba wake wa brashi, akatupa jicho kwenye sahani, kisha akalirudisha tena, kama mtu aliyepapasa mfuko na kukuta pochi haimo.

"Shemeji, aliyekuwa humu yuko wapi?"

"Nani, yule mlevi?"

Shemeji alivuta kigoda akaketi kwanza. Habari nyingine hazisemwi mtu amesimama.

"Yule mlevi ni wewe."

Mambo yakafunuliwa moja baada ya jingine, na hakuna lililomsaidia Fundi. Dada mtu, alieleza shemeji, alikuwa akimfinyanga mumewe kwa vipande vya mishumaa na sindano ya kufumia, akiwa pale jikoni, mlango wazi, huku Fundi amezama kwenye kazi yake hapa asione wala asisikie. Kwa siku nyingi alikuwa akifanya hivyo, na kila Fundi alipogeuka, nta iliingia chini ya kitambaa cha mboga. Ilipokamilika ndugu yake aliichukua kwake, akaifunika kwa plasta ikawa kalibu, akaiyeyusha itoke, akamimina bati mahali pake, akavunja kalibu. Na nta ikishatoka na kalibu ikishavunjwa, hakuna pacha tena duniani. Dada alitaka kuondoka naye. Jana shemeji alimleta, akamficha mahali ambapo aliamini hakuna mtu angetazama, yaani kwenye sahani ya vilivyoharibika. Hicho ndicho kipande chake cha ujinga, na alikikubali. Lakini aliongeza kwamba yeye aliona haiwezekani mtu ajishike mwenyewe mkononi, ajitazame kwa miwani ya kukuzia, asijitambue.

"Nyani haoni kundule," alimaliza, "lakini angalau nyani hana miwani."

Mkewe alirudi na kapu lake akawakuta wamekaa kama wanafunzi waliovunja dirisha. Aliangalia sahani, akaangalia kijisufuria.

"Yumo humo?"

"Yumo," alisema mumewe.

Hakugomba. Laiti angegomba. Alichungulia lile bati lililoganda, bapa, linang'aa kama uso wa kijiko, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba alikusudia kumweka dirishani kule, karibu na kitanda. Akaenda kukunja nguo zake.

Hapo ndipo ujinga ulipomshuka Fundi Redio mpaka miguuni. Alikuwa amehesabu upweke kana kwamba umegawiwa mtu mmoja, yeye. Hakufikiri kwamba anayesafiri naye hubeba wake.

Alimfuata chumbani. Kwa vile maneno yalimwia mazito, alianza kwa kumsaidia kupanga sanduku, akashika gauni na kulizungushazungusha.

"Liache. Unanikunjia nguo kama waya."

"Mama, nimekosa. Nifinyange tena."

Mke alisema vidole vimechoka, sanduku halijafungwa, na kitu cha kwanza hakirudiwi. Mume alisema atakaa bila kutikisika. Mke alisema hilo hasa ndilo asilolitaka, kwa sababu hajaolewa na mtu asiyetikisika. Mabishano yaliendelea hivyo, lakini yalikuwa yameshapata ulaini ndani yake, na mwishowe mke alitoka akiwa ameshika mabaki ya mishumaa.

Wakaketi kila mmoja upande wake wa ule mlango, na mtaa mzima katikati yao. Nta ililainishwa kwenye bakuli la maji ya moto. Fundi Redio alinyoosha mgongo, akasawazisha mabega, akafunga mdomo na kuvuta tumbo ndani mpaka akaanza kubadilika rangi.

"Pumua, baba," alisema mkewe. "Hukai hivyo hata msibani. Fanya kazi yako."

Kazi gani, na hana kazi? Akachukua donge la nta, akaanza kulibinyabinya ili mikono isione haya. Baada ya muda mgongo ulijisahau ukainama. Bega moja likapanda. Na alipoinua macho ili kuona kama anatazamwa, alimwona mkewe.

Alimwona kweli. Ncha ya ulimi imebanwa pembeni mwa mdomo. Kitambaa cha kichwa kimerudi nyuma, mvi zimechungulia. Unyusi mmoja umepanda, kidevu kimerudi ndani, macho yanapima kitu kwa ukali ambao, ukiutazama vizuri, si ukali hata kidogo. Huyu hakuwamo kwenye picha ya ukutani. Huyu alikuwa akiketi upande wa pili wa mlango wa jikoni siku zote, na yeye alikuwa amempa kisogo, kichwa ndani ya redio ya mtu. Vidole vyake vikaanza kwenda vyenyewe. Hakuvisemesha, asije akavishtua.

Shemeji alikuwa pembeni akikoroga plasta. Aliwaona wote wawili wameinama, kila mmoja anamwibia mwenzake sura, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa na mzaha mdomoni akaumeza.

Nta mbili zilifunikwa kwa plasta, kalibu zikaingizwa kwenye oveni ya jikoni zikauke, maana kalibu yenye unyevu humtemea mtu bati usoni. Kulipopambazuka zilikuwa kavu, nta imeshatoka yote, ndani mmebaki uwazi wenye umbo la watu. Fundi Redio akawasha jiko. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini bati lina huruma kuliko maji. Lilelile lililommeza jana likaanza kulainika, likawa shwari. Alimimina kalibu ya kwanza, akamimina ya pili kutoka kijisufuria hichohicho, na kilichobaki kilikuwa tone.

Alivunja ya mkewe kwanza, kwa nyundo ndogo ya fundi saa, chenga kwa chenga. Alipopuliza vumbi, wote watatu walisogeza vichwa. Shemeji ndiye aliyeanza.

"Dada, hapa umetoka kama unavyomtazama mtu anayekudanganya na unampenda."

Mwenyewe alichukua kile kisanamu akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Alikaa nacho. Tayari alikuwa amevaa viatu vya safari, na sanduku lilikuwa mlangoni.

"Leo sichemshwi?"

"Huchemshwi tena."

Akarudi, akakisimamisha yeye mwenyewe mbele ya kijumba chao, mahali ambapo mumewe alikuwa amepaacha wazi tangu siku alipoulaza ule mlango. Shemeji aliahidi kukipaka rangi dada yake akiwa safarini, akauliza kitambaa kiwe rangi gani, akajibiwa kwamba kama hajui mpaka leo basi arudi shule ya ushonaji.

Ikabaki ya pili. Plasta ilipoanguka, alitoka mzee. Bega juu, bega chini, mdomo wazi. Na tumbo. Loo, bati lilikuwa limeingia kila mahali nta ilipopita, na hapo pa tumbo lilionekana limeingia kwa hiari. Fundi Redio alimgeuza huku na huku. Kisha mkono wake, taratibu, kama wa mtu anayejikuna tu, ukaifuata tupa.

Shemeji alimuuliza anakwenda wapi na tupa hiyo. Fundi alisema anasawazisha kidogo tu, hapa na hapa. Atawekwa dirishani nyumbani kwa mkwe wake, wageni wataingia wakitoka, na mjukuu atafumbua macho ya kwanza duniani akutane na tumbo. Ataheshimiwa vipi? Shemeji alimkumbusha sheria ya pili. Fundi alikuwa na jibu, na alilitoa kwa raha ya mtu aliyelilalia. Sheria inakataza kugusa kazi ya mwenzako. Huyu ni yeye. Mwili ni wake, bati ni lake, mkono uliomimina ni wake. Sasa mwenzake hapa ni nani?

Mkewe alinyoosha mkono juu ya paa za mtaa. Akachukua tupa, akaiweka chini. Akamchukua mzee, akamfunga ndani ya leso, akamtia kwenye mkoba na kuvuta zipu.

"Mwili ni wako, bati ni lako," alisema. "Tumbo hilo nililitengeneza mimi, sufuria kwa sufuria, tangu uliponioa ukiwa kama ufito. Na kazi ya mwenzio haiguswi."