Nusu ya Mwalimu Herieth

Jumatatu asubuhi, mwanzoni mwa mwezi wa tatu, Kunigunda alipanda shambani kwake Mapera na jembe, chupa ya chai na viazi vya kuchemsha, akakaa juu ya jiwe. Hakuwa na kazi ya kufanya. Kwa Wamatengo, ngolo, kile kilimo cha mashimo, huanza na mwanaume: yeye ndiye anayefyeka nyasi kwa nyengo, panga lililopinda, na kuzitandaza mlimani kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko wote uwe miraba. Kisha mwanamke huingia na jembe, akachimba katikati ya kila mraba na kufukia nyasi kwa udongo, hata pakabaki shimo lenye kingo nne, na juu ya kingo hizo hupandwa maharage. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuuteremsha mlima mtoni. Mume wa Kunigunda, Othmar, alikuwa kaburini tangu mwaka uliopita, kwa hiyo nyasi zilikuwa zimesimama, nyingine ndefu kuliko mjane wake.

Shamba hilo ni ntambo, yaani mgongo mzima wa mlima kati ya vijito viwili, na ntambo ni mali ya ukoo. Mansuetus, kaka mkubwa wa Othmar, alikuwa ameliweka jambo kwa upole. Alisema hakuna anayemnyang'anya mjane. Nyasi zikitandazwa msimu huu kama desturi inavyotaka, ntambo itabaki kwa shemeji yake. Zisipotandazwa, atapewa William, mwanawe Mansuetus, kwa kuwa ardhi haiwezi kulala. William anaendesha bodaboda Mbinga mjini, na mara ya mwisho kushika nyengo alikuwa anapigwa picha.

Ingekuwepo ngokela, ile kazi ya pamoja ambayo majirani hulipwa kwa pombe, mambo yangekwisha mapema. Kunigunda alipika pombe. Lakini Mansuetus ni mtu wa kuheshimiwa, na kila mwanaume aliyealikwa alikumbuka kwamba ana mgonjwa wa kwenda kumjulia hali. Pombe ilinywewa na wanawake, kwa huzuni, na ikabaki.

Kunigunda na Othmar walijaliwa mtoto mmoja, Herieth, mwalimu wa fizikia katika shule ya bweni ya wasichana huko chini, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Herieth aliomba ruhusa akamsaidie mama yake. Mkuu wa shule, Mwalimu Methodi, alimsikitikia kwa dhati, akamkatalia. Kidato cha sita walikuwa na mtihani mwezi wa tano, mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja, na ndiye aliyelala bwenini na wasichana. Akiondoka, asirudi. Mshahara huo ndio ulionunua dawa za nyonga ya Kunigunda. Basi Herieth hakuondoka.

Asubuhi hiyo, chai ikiwa bado ya moto, Kunigunda alisikia nyengo ikifyeka nyuma yake, na upepo ukamletea harufu ya usipa, wale dagaa wa Nyasa wa kukaushwa, mboga ya kila siku kule shuleni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekuruhusu?"

"Hapana, niko darasani. Usigeuke."

Herieth alimweleza huku akifyeka. Chembe ndogo kabisa, kama elektroni, haina mazoea ya kuwa mahali pamoja. Ukiipa mashimo mawili yaliyotengwa na ukuta, itakuwa humu na mle, kiasi huku na kiasi kule, wala haitaupanda ukuta. Kinachoivuta ni uga, nguvu iliyotanda mahali bila kamba wala mkono, kama ile ya sumaku. Yeye alikuwa anavutwa na nyuga mbili zenye nguvu sawa, na alipoamka siku hiyo alijikuta yuko pande zote mbili. Sharti lilikuwa moja: asitazamwe sawasawa. Anayetaka kuhakikisha chembe iko wapi huilazimisha kuwa mahali pamoja. Mama akimtazama, Herieth atakuwa Mapera mzima mzima, na kidato cha sita watabaki na ubao.

Kunigunda hakuona ugumu wowote hapo. Amefuga kuku maisha yake yote, na kuku anayeatamia, ukimchunguliachungulia, hususia mayai. Mistari ya kwanza ya nyasi ilipotandazwa alishika jembe, akaanza kufukia, mgongo wake kwa mgongo wa mwanawe.

Kazi ilikwenda polepole, kwa sababu nusu mtu hufyeka nusu. Majirani walipita njiani wakiangalia chini, kwa adabu, kama mtu anavyopita karibu na bafu la makuti. Mmoja tu, Gaudiosa, rafiki wa Kunigunda tangu ubatizo, alisimama na kuuambia mti wa kahawa kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Nyuma ya nyasi Herieth akamjibu, "Fisi alikuwa anatazamwa, mama mdogo." Gaudiosa akakubali kwamba hilo hakulifikiria.

Paroko aliulizwa kuhusu Jumapili, maana Herieth alikuwa misani katika kikanisa cha shule na pia katika benchi la nyuma Mapera. Paroko akafikiri wiki nzima, kisha akasema anayepokea komunyo ni mtu, si mahali. Apokee upande mmoja.

Ufukoni nako watu walizoea. Mwandiko wa Mwalimu Herieth ubaoni ulikuwa umefifia kidogo, na mbegu za nyasi zilimnasa nyweleni katikati ya kipindi. Wasichana walikubaliana kutazama ubao tu. Wakaelewa somo la chembe kuliko darasa lolote lililowatangulia, na wale wa mchepuo wa sanaa wakawa wanakuja kusimama dirishani, wakitazama ubao pia. Ni Mwalimu Methodi peke yake aliyewahi kuharibu. Alifika mlangoni siku moja kukagua, akamkazia macho kwa muda mrefu kama mkuu wa shule anavyopaswa. Kule Mapera Kunigunda alisikia nyengo ikianguka chini. Hakugeuka. Alichimba shimo moja, akachimba la pili, mpaka aliposikia tena mtu akikohoa nyuma yake.

Alikuwa hajauona uso wa mtoto wake tangu Krismasi, na hilo lilimuuma kuliko nyonga. Kumsikia akipumua hatua chache tu, na asimwone, kulimfanya wakati mwingine aseme na udongo kwa ukali. Alijifunza kumpenda kwa masikio. Alijua amechoka kwa jinsi nyengo ilivyochelewa kurudi juu. Alisukuma kiazi nyuma bila kuangalia, na baadaye akayapapasa maganda, akaridhika. Mchana walizungumza. Herieth alimwambia kwamba chembe iliyo shimoni haitulii kabisa, hata ukiinyima kila kitu. Shimo likizidi kubana, ndivyo inavyozidi kutetemeka. Kunigunda akasema Othmar alikuwa hivyo hivyo wiki ile ya mwisho hospitalini. Kazi ikaendelea.

Ukoo ulikutana Ijumaa moja, wiki kadhaa baadaye, mvua zikiwa zinakaribia ukingoni. Wazee walisimama chini ya mteremko wakatazama. Miraba ilikuwa imenyooka kutoka kijito hadi kijito, na juu kabisa ulibaki mstari mmoja tu wa kutandaza, unaoweza kumalizwa kabla ya chakula cha mchana. Maharage ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kuota. Mzee mmoja alisema hajaona ngolo za namna hiyo tangu enzi za baba yake. Afisa mtendaji wa kijiji, aliyealikwa kuwa shahidi, alisema sheria ya nchi inampa mjane haki bila kuuliza habari za nyasi, kisha akaomba kiti kivulini.

Mansuetus akauliza nani ametandaza. Kunigunda akasema ni Herieth. Hakuna aliyebisha. Mansuetus mwenyewe alikuwa amempita mara mbili akifyeka, na kwa kuwa ni baba yake mkubwa, alikuwa amegeuza macho asimharibie. Hata hivyo alitoa simu, akampigia Mwalimu Methodi mbele ya watu wote, akamuuliza kama Herieth amekuwa kazini mwezi huu. Mwalimu Methodi, aliyedhani anaombwa kumsifu, akamsifu. Alisema hajakosa kipindi hata kimoja.

Mansuetus alirudisha simu mfukoni taratibu. Hakuwa mtu mbaya, na hili lilimtia uchungu kidogo.

"Shemeji, hatukatai kwamba alikuwapo," alisema. "Lakini nyasi ni kazi ya mwanaume. Hata angekuwapo mzima, ni mwanamke. Sembuse nusu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa hesabu ilikuwa wazi. Mwanamke mmoja akiwa mahali pawili si mwanaume mmoja mahali popote. Ntambo akapewa William, ambaye hakuwapo kabisa, si kwa nusu wala kwa robo, na hilo halikuonekana kuwa tatizo. Walimwachia Kunigunda nyumba na migomba ya uani. Kisha wakala ugali na kuku wake, wakamshukuru.

Kunigunda alipanda mlimani na jembe lake. Juu, kwenye mstari wa mwisho, nyengo ilikuwa inafyeka. Akasimama mahali pake, akatazama bonde.

"Wamempa William," alisema.

Nyengo ilinyamaza. Ilinyamaza muda mrefu, hata Kunigunda akadhani Mwalimu Methodi yuko mlangoni tena. Halafu akasikia pua ikivutwa, kama Herieth alipokuwa mdogo na hataki kujulikana kwamba analia.

"Mama, nitazame," Herieth alisema. "Hakuna tena cha kulinda."

Kunigunda alitaka. Shingo yake ilitaka, na mabega, na mguu ule mzima ulikuwa umekwisha kuanza kugeuka.

"Uko kipindi gani?" aliuliza.

"Cha nane. Kidato cha sita."

"Basi kipo cha kulinda."

Alilaza jembe chini. Akafumba macho, akayafumba kwa nguvu mpaka yakatoka machozi, ndipo akageuka. Akanyoosha mkono polepole, kama anayejaribu uji wa mtoto kama umepoa, asijue kama kugusa nako ni kutazama. Vidole vikakutana na shavu. Lilikuwa limelowa, na limekonda kuliko la Krismasi, na halikuondoka. Akaliacha kiganjani. Akaipapasa nyusi yenye vumbi la chaki, na pua ya Othmar, na mdomo uliokuwa unatetemeka. Alimwambia kwamba ametandaza vizuri, kwamba baba yake angeona wivu. Herieth akaegemea.

Kule ufukoni Mwalimu Herieth alinyamaza katikati ya mlinganyo, chaki ikiwa bado ubaoni. Aliinamisha kichwa upande wa kushoto, kwenye hewa tupu, akafumba macho, akakaa hivyo. Wasichana wa kidato cha sita waliendelea kutazama ubao. Alipoinua kichwa, shavuni alikuwa na alama ya mkono mzima, ya udongo mwekundu ambao ufukoni haupo. Hakuifuta. Aliwauliza walipoishia, wakamwambia, akaendelea kuandika.