Mablanketi ya Rawya

Chumba cha pembeni kwa Inshirah kilikuwa kinanuka uvundo, na yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kukubali. Kila asubuhi alipita na chetezo, akafukiza ubani pembe zote nne, kisha akafunga mlango ili moshi ufanye kazi yake. Pale Anfushi, Iskandaria, upepo wa bahari wa majira ya baridi huingia hata kwenye kopo la chumvi, lakini mwanamke anayejiheshimu hakubali nyumba yake inuke.

Ndani ya chumba hicho alilala binti yake Rawya, mwenye miaka ishirini na tisa, pamoja na vitu vyake vya harusi. Inshirah alianza kuvikusanya binti akiwa na miaka minane, kama mama yeyote mwenye akili: mablanketi ya viwanda vya Mahalla, mashuka, taulo dazeni kwa dazeni, vyote ndani ya nailoni na maboksi. Maboksi yalianzia uvunguni mwa kitanda, yakapanda ukutani, yakaziba dirisha. Kilichokosekana ni bwana harusi tu.

Baridi ya mwaka huo Rawya alianza kukohoa, kifua kikawa kinapiga miluzi. Wakaenda zahanati. Daktari, dada mmoja mpole, akauliza kama chumba anacholala kina unyevu. Kabla binti hajafungua mdomo, Inshirah akajibu kwamba nyumba yake inanukia ubani mchana kutwa. Daktari akasema moshi huo uachwe, dirisha lifunguliwe, na chochote kilichoegemea ukuta kiondolewe.

Inshirah alichukua dawa ya kupuliza kinywani. Ushauri akauacha pale pale mezani. Maboksi angeyapeleka wapi? Roshanini, majirani wayahesabu na kuyatia jicho la husuda? Tena vitu vya harusi hutolewa nje siku moja tu, siku ya kupelekwa kwa mume. Kuvianika bila bwana harusi ni kutangaza kwamba hayupo.

Alhamisi moja Rawya alikwenda kununua mkate, akakawia. Inshirah akashuka kumtafuta, akamkuta amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, mikate mapajani, mabega yakipanda na kushuka. Alitaka kusema kitu, maneno yakamkatikia njiani. Inshirah aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akatoa dawa ya kupuliza mfukoni mwa binti, akampa, akakaa naye akimsugua mgongo mpaka pumzi ikarudi.

"Mama," Rawya akasema, "mablanketi yale ni ya nyumba ambayo haijapatikana. Mimi nalala hapa, leo."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Riziki yako yaja."

"Ije. Ila huyo mume akifika, atamkuta nani?"

Inshirah akamwinua, akambebea mikate. Akapanda, akaingia chumbani bila chetezo, akavuta boksi la chini kabisa. Nailoni ilikuwa inatoka maji. Lile blanketi jeupe la maua, alilolinunua wakati Rawya yuko darasa la tatu, lilikuwa limeota ukungu mweusi, na ukuta nyuma yake ulikuwa mweusi zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo zenyewe alizikunja kwa mikono yake. Alilia, wala hakujificha. Kisha akajifunga kitambaa puani, akaondoa boksi moja baada ya jingine mpaka komeo la dirisha likaonekana. Dirisha likafunguka kwa shida, upepo ukaingia.

Kufika adhuhuri roshani ilikuwa imejaa mablanketi na mashuka. Mama Hani wa ng'ambo ya barabara, ambaye jicho lake halipitwi na kitu, aliyaona akapiga kigelegele. Roshani ya juu yake ikaitikia, na ya tatu nayo. Inshirah alitamani ardhi immeze.

"Hongera, mama Rawya. Mbona ulitufanyia siri? Bwana harusi nani?"

Siku nyingine angetunga uongo. Akageuka, akamwona Rawya amesimama kwenye lile dirisha la chumba chake, kando ya roshani, macho kayafumba, anavuta hewa taratibu mpaka mwisho.

"Hakuna bwana harusi, mama Hani," akasema, kwa sauti ya kufika mtaa mzima. "Nimemfungulia binti yangu dirisha. Leo anapumua."

Mama Hani akamtazama Rawya pale dirishani, akainua kiganja mdomoni, akapiga kigelegele kirefu kuliko cha kwanza.