Boti Haina Mlango wa Nyuma

Neno lililonichosha maishani ni "tutaongea." Ndugu zangu wawili wanalitumia kama mwavuli: mambo yakianza kunyesha wanalifungua, wanajificha chini yake, wanaondoka. Nikimwambia kaka yangu mkubwa kwamba mama anahitaji zaidi ya mikono yangu miwili, ananijibu, "Tutaongea, Sindano." Sindano ni mimi. Ni fundi wa kushona, na wanasema mdomo wangu nao unachoma. Nikimwambia mdogo wetu, ambaye ana mke na duka la simu lakini bado tunamwita Kitinda, yeye hucheka kwanza, kisha anasema, "Dada, hilo tutaongea vizuri tukikaa." Na hawakai. Wakija kumwona mama wanajibanza ukingoni mwa kochi, funguo za gari mkononi, wanamsifu alivyonawiri, wanamaliza chai, wanakula kona.

Mama alipatwa na kiharusi miaka kadhaa iliyopita. Akili yake ni nzima na ulimi wake ni mkali kuliko wangu, lakini upande wa kushoto haumsikii. Mimi ndiye ninayemwinua, ninayemwogesha na kumgeuza kitandani. Meza yangu ya kukatia vitambaa iko sebuleni, hatua chache kutoka mlango wa chumba chake, ili akiita nisikie. Siwezi kusema sikulalamika. Nililalamika sana, ila huku nafanya.

Kisha kiwanda cha kushona sare, katika mji mwingine, kikaniita niwe mkataji mkuu. Chumba kizima cha wakataji, mashine za umeme, meza ndefu kuliko nyumba yetu, na mimi niwe msimamizi wao. Kazi hiyo nimeitamani tangu nilipokuwa nafagia vipande kwenye sakafu ya fundi aliyenifundisha. Walitaka jibu haraka, na niripoti Jumatatu. Nikawapigia ndugu zangu siku ileile, palepale kwenye meza ya kukatia. Mmoja akasema tutaongea. Mwingine akacheka, halafu akasema tutaongea.

Mama sikumwambia kitu. Niliogopa ataniambia nenda, halafu nisiwe na wa kumwachia.

Hapo ndipo nilipomfikiria nahodha. Ana boti ya injini anayokodisha kwa vikundi vidogo vya watu wanaotaka kuvua karibu na pwani siku nzima. Mnaondoka asubuhi, anawapa fimbo, chambo na sanduku la barafu, anawatembeza kwenye miamba ya ghuba, anawarudisha jioni. Nilikuwa nimemshonea turubai jipya la kivuli, na kabla hajaniuliza malipo nikamwambia nataka siku moja ya boti. Siku kamili, mimi na ndugu zangu wawili.

"Mnapenda kuvua?" akaniuliza.

"Hatujawahi hata kushika ndoana."

"Sasa, fundi?"

"Nataka mahali ambapo mtu hawezi kuaga."

Akapapasa mshono wa turubai kwa kidole gumba, akasema nije nao Jumamosi.

Ndugu zangu niliwaambia ni zawadi, na zawadi ya bure hakuna anayeipiga danadana. Kaka alidhani nimeamua kuikataa ile kazi na hii ndiyo njia yangu ya kuonyesha sina kinyongo. Sikumsahihisha. Mama mdogo alikuja kushinda na mama, nami nikatoka na kikapu cha mikate, mayai ya kuchemsha na machungwa.

Kaka alifika gatini na viatu vya ngozi na simu mbili. Ni mkandarasi, hata msibani huwa anaagiza saruji. Kitinda alikuja na miwani ya jua na kofia pana, akapiga picha akiwa ameshika samaki wa mtu mwingine. Nahodha alitugawia majaketi ya kuokolea, akakagua kamba za kila mmoja, kisha akatusomea masharti yake.

"Siku nzima ni siku nzima," alisema. "Nikirudi kabla ya jioni, basi hali ya hewa imechafuka, injini imekufa, au mtu amekufa."

"Na mtu akitaka kufa?" Kitinda akauliza.

"Atasubiri jioni."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nakaza mkanda wa jaketi langu.

Tulitia nanga nyuma ya mwamba, mahali ambapo maji yalikuwa shwari na nyumba za pwani zilionekana ndogo lakini wazi. Nahodha akatuonyesha namna ya kuweka chambo na kuteremsha mshipi mpaka uguse chini, kisha kuuvuta kidogo. Nilisubiri mpaka kila mmoja awe ameshika fimbo kwa mikono miwili. Mtu aliyeshika fimbo hivyo hawezi kushika simu.

"Ile kazi nimeikubali," nikasema. "Naondoka Jumatatu. Leo tunapanga mama anakwenda kwa nani."

Kaka hakugeuka. "Mdogo wangu, tusiharibu siku nzuri. Hilo tutaongea."

"Tunaongea sasa."

Akasimama. Alisimama kama anavyosimama kwangu, huku akijipapasa mfukoni kutafuta funguo. Akatazama kulia, maji. Akatazama kushoto, maji. Akakaa.

Kitinda, ambaye kazi yake katika ukoo ni kugeuza kila kitu mzaha, akafungua mdomo aanze. Badala ya mzaha kikatoka kifungua kinywa. Akainama ubavuni mwa boti, kofia ikaenda na maji, na kwa muda hatukusikia lolote ila yeye.

"Nahodha, turudi," Kaka akasema, na niliisikia furaha ndani ya sauti yake. "Huyu mgonjwa."

Nahodha akaniangalia mimi. Nilikuwa nimeilipia kwa turubai, siku ilikuwa yangu. Nitasema ukweli, nilikaribia kukubali. Kitinda nimembeba mgongoni utotoni, na alikuwa amegeuka rangi. Lakini nilijua tukigusa gati kila mmoja ataingia garini mwake, na Jumatatu nitakuwa sebuleni nikikata vitambaa vya watu kwenye meza ileile mpaka nizeeke.

"Atatapika, atapona," nikasema. "Mama ndiye hatapona kwa sisi kurudi nchi kavu."

Nahodha akamkalisha Kitinda sakafuni chini ya kivuli, akamwambia atazame nyumba za pwani na asitazame maji, akampa chungwa anyonye. Kisha akarudi kwenye usukani wake na kujifanya hamnazo.

Kaka akaanza njia zake. Tutafute dada wa kazi, akasema. Nikamuuliza usiku atamgeuza nani, maana wanne tuliowajaribu waliondoka kwa sababu ya usiku. Akasema nyumba yake ina ngazi. Nikamwambia ana chumba cha chini kinacholaza mabati na ndoo za rangi. Akasema mke wake atachoka. Nikamuuliza kama amemuuliza mke wake. Akasema mimi ni mtoto wa kike, mama amenizoea.

"Amenizoea kwa sababu nipo," nikasema. "Nimechoka, Kaka. Sijachoka na mama. Nimechoka kuwa mimi peke yangu ndiye mtoto wake."

Ncha ya fimbo yake ikainama mara mbili. Nahodha akamwambia kwa upole kwamba ana samaki. Kaka hakuvuta. Alikuwa ameikazia macho mikono yake.

"Siwezi kumwogesha mama," akasema.

Nikaiweka fimbo yangu chini.

"Kuna siku nilikuja ukiwa sokoni. Alikuwa amejilowesha. Akaniambia nitoke nje, nikatoka. Nilikaa garini nikikusubiri wewe urudi. Sikujua nishike wapi. Ni mama yangu, Sindano. Alikaa vile mpaka ulipofika, na mimi nikaingia nyuma yako nikajifanya ndio kwanza nafika." Alipangusa uso kwa mkono wenye chambo. "Tangu siku ile nikikaa pale naona anajua kwamba nilimwacha vile."

Nilikasirika. Lazima niseme hivyo, kwa sababu huruma ilikuja baadaye. Miaka yote hiyo nilimhesabu kuwa bahili wa muda wake, kumbe alikuwa anaona haya, na haya zake nimezilipa mimi kwa mgongo wangu.

"Na mimi unafikiri sikuona haya?" nikamuuliza. "Siku ya kwanza nilimwogesha nimefumba macho. Sabuni ikamwingia puani, akaniuliza kama nimetumwa kumwua. Haya huisha, Kaka. Kazi ndiyo haiishi."

Kitinda akacheka kule sakafuni, kisha akajutia.

"Sasa nisikilize," nikaendelea. "Kuogesha kuna wanawake wanaofanya kazi hiyo asubuhi na kwenda zao, tutampata mmoja. Lakini kuinua, kulisha na kugeuza usiku hakuna haya ndani yake. Ni mgongo tu, na mgongo unao."

"Sijui hata kumwinua."

"Inuka."

Nikamvuta Kitinda tukamkalisha kwenye sanduku la barafu. Nikamwambia alegeze mkono na mguu wa kushoto, naye akasema hana haja ya kuambiwa, mwili mzima umelegea wenyewe. Kaka akamwingia mbele, akamshika kwapani, akavuta. Kitinda akapiga ukelele.

"Hapo umemtegua bega," nikasema. "Bega bovu halivutwi. Msogeze kwanza mpaka ukingoni. Nyayo zote mbili chini. Magoti yako yazuie ya kwake yasiteleze. Mkono wako upite mgongoni. Sasa mwambie ainame mbele, pua yake ipite vidole vya miguu. Akifika hapo uzito unakuja wenyewe, wewe unasimama naye tu."

Mara ya pili waliangukiana wote. Nahodha, bila kugeuza kichwa, akasema hata magunia ya chumvi hubebwa kwa heshima zaidi. Mara ya tatu mwamba ulituletea wimbi dogo, boti ikayumba, na Kaka akabaki wima, miguu imekaa sawa, mdogo wake amemwegemea kifuani. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mzito," akasema.

"Mama ni mwepesi kuliko huyu. Mpigie wifi yangu sasa hivi."

"Nikifika nyumbani."

"Sasa hivi, mtandao upo."

Akapiga, nami nikamwambia aweke sauti ya nje. Mke wake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani amemwambia aseme. Kaka akasema hakuna. Wifi akasema kile chumba cha chini ameshamwomba mara ngapi atoe ndoo za rangi, na je, alifikiri alikuwa anakitaka ili acheze dansi. Kaka akazima sauti ya nje akiwa amechelewa.

Kitinda, aliyekuwa amerudi sakafuni, akainua kidole. Akasema atakuwa analala kwa Kaka kumgeuza mama kila usiku wa Ijumaa. Nikasema na Jumamosi. Akasema Jumamosi dukani kuna wateja. Nikamuuliza kama wateja wake hununua simu usiku wa manane. Akasema sawa, Ijumaa na Jumamosi, ila tumrudishe nchi kavu.

"Jioni," nahodha akasema.

Na kweli tulirudi jioni. Tukavua mchana wote uliobaki. Kaka alipata samaki watatu aina ya changu, mimi mmoja, Kitinda hakupata kitu ila alidai alikuwa mgonjwa wa mazoezi. Nilikula machungwa nikausikia utamu wake.

Nilitaka Kaka aende kwake akapumzike kwanza, kwa kuwa nguo zake zilinuka chambo. Alikataa. Alinifuata mpaka nyumbani, akanawa mikono kwenye sinki la jikoni mpaka kwenye viwiko, akaingia sebuleni alikokuwa mama kwenye kiti chake. Mama mdogo alikuwa anamkunjia shuka.

"Mama, nimekuja kukuinua," Kaka akasema. "Nikupeleke kitandani."

Mama akamtazama kuanzia viatu vilivyolowa mpaka usoni. "Wewe?"

"Mimi."

"Haya."

Akapiga magoti, akamsogeza ukingoni. Akapanga nyayo zake, ule wa kushoto kwa mikono yake miwili, taratibu. Akazuia magoti ya mama kwa ya kwake. Aliupitisha mkono mgongoni kwa mama. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, mikono mbele, tayari kudaka, kama nilivyosimama siku zote kila alipoinuliwa na mtu asiye mimi.

"Inama, mama. Pua ipite vidole vya miguu."

"Mtu gani huongea na mama yake namna hiyo," mama akasema, lakini akainama.

Wakainuka. Kichwa cha mama kilifika kifuani kwa Kaka tu. Sikuwa nimejua amekuwa mfupi hivyo, kwa sababu kwangu siku zote alikuwa karibu mno. Akapumua, akatulia, mkono wake mzima ukakamata shati la mwanawe. Kisha akanitazama mimi juu ya mkono wa Kaka.

"Unaondoka lini?"

Nilikuwa sijamwambia neno, na mama mdogo hakuwa na la kumwambia.

"Jumatatu, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniangalia tena, mikono yangu bado iko hewani mbele yangu.

"Basi shusha mikono," akasema. "Amenishika."