Tarakimu Saba za Gaspare Todaro

Baba yangu, Gaspare Todaro, ni fundi wa kurekebisha sauti za piano. Tunakaa Brooklyn, lakini wateja wake wengi wako Manhattan, ng'ambo ya mto. Ndani ya kila piano aliyoigusa alibandika namba yetu ya simu, tarakimu saba tu. New York nzima ilikuwa na msimbo mmoja wa eneo, zile tarakimu za kutangulia namba, 212, na hakuna aliyehangaika kuupiga.

Halafu wakubwa wa simu wakaona namba zinawaishia. Manhattan wakaiachia 212, sisi wakatutupia 718. Wakatutangazia eti namba yetu ni ileile, imeongezewa kichwa tu. Uongo mtupu! Mteja wa Manhattan aliyepiga zile saba bila 718 hakutupata tena, na baadaye namba hiyo wakampa mtu mwingine wa kulekule. Simu yetu ikawa pambo la ukutani. Baba akawa anashinda jikoni, anajifanya anasoma gazeti.

Siku moja Bi Hirschfeld, mteja wetu wa miaka mingi, akabisha hodi. Amevaa nyeusi, mkononi ana sinia la samaki wa moshi, kama kwao wanavyopeleka msibani. Alipomwona Baba na kikombe chake cha kahawa, ilibidi tumkalishe. Kumbe alipiga namba ya ndani ya piano, na bwana mmoja, Dwyer, akamwambia Todaro amefariki na kazi zake sasa anazifanya yeye.

Nilitaka niende nikamvunjie mlango. Baba akaniambia nitulie, akapiga namba yake mwenyewe, safari hii kwa 212. Nikasogeza sikio.

"Nina piano," Baba akasema. "Zamani alikuwa anaishughulikia Todaro."

"Ah, mzee, pole. Todaro ametutoka."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Uzee tu. Tena bora alipumzika. Mwishoni masikio yalikuwa yamekufa kabisa, piano za watu alikuwa anaziharibu tu."

Baba akairudisha simu mahali pake taratibu. Sijawahi kumchukia mtu nisiyemjua kama nilivyomchukia yule.

"Kunizika ningemsamehe," akasema. "Lakini masikio yangu?"

Akachukua koti na mkoba wa vifaa, akamwomba Bi Hirschfeld waongozane. Alianzia kwake, kisha akaenda mlango kwa mlango, Manhattan nzima, kuwaonyesha watu kwamba anasikia.