Zilizotumwa Huja Mwisho

Mafundi wa ghorofa ya pili, Mtaa wa Narung'ombe, walimcheka Bakili kwa sababu ya kitambaa. Wako kumi na kitu pale, wamebanana kwenye vyumba vya vioo, na wakishika kompyuta ya mtu basi na siri zake wamezishika. Wanatazama picha za harusi yake, wanasoma meseji zake, wanaitana, "Oya, njoo umwone huyu!" Bakili hapana. Akipewa kazi ya kuhamisha barua pepe za mtu kutoka seva ya zamani kwenda mpya, alichukua kipande cha kanga akafunika kioo cha kompyuta, akaacha upenyo wa vidole viwili kwa chini, pale inapoonekana hesabu tu: zimehama mia tatu, zimehama mia tatu na kumi. Mengine hayakumhusu.

"Macho hayana pazia, kaka, wewe tu ndiye umeyawekea," Hafidhi, fundi wa chumba cha mkabala, alizoea kumtania.

"Na wateja ninao," Bakili alimjibu.

Alikuwa nao kweli. Mzee Natvarlal wa Upanga, muuza vipuri vya vyerehani, alikuwa na barua za miaka ishirini ambazo hata wanawe wa kuwazaa hakuwaruhusu kuzigusa, lakini alimletea Bakili. Mawakili walikuja. Shehe mmoja alikuja. Wake za watu walikuja, na kesho yake waume zao, kila mmoja kivyake, wala Bakili hakuwahi kumwambia mmoja kwamba mwenzake amepita. Hilo ndilo lililokuwa jina lake Kariakoo nzima: fundi asiyesoma. Miaka kumi na tano alijenga jina hilo, halafu alilibomoa Jumatatu moja kabla hata ya chakula cha mchana. Na wa kulaumiwa ni yeye, msinitafutie mwingine.

Ilikuwa hivi. Mwanne, mkewe, ana duka la vijora na sare za harusi kule Mtaa wa Sikukuu. Kampuni iliyokuwa ikimtunzia barua pepe tangu hajaolewa ilitangaza kwamba inafunga huduma mwisho wa mwezi; kusoma ilishazima, ilibaki kuhamisha tu. Basi asubuhi ile alipanda ngazi na kompyuta yake kwapani, akaiweka mezani kwa mumewe.

"Baba Shadya, nihamishie zote kwenye ile anwani mpya ya duka. Zote, hata takataka. Kuna oda za Wakomoro humo za tangu enzi hizo, siku wakinibishia niwatolee."

"Zote, Mama Shadya. Wewe nenda kapokee mzigo wako."

"Nitakuja na chakula saa saba."

Akaenda zake. Bakili akafunika kioo kama ada, akaanza na barua zilizoingia. Zilizotumwa huwa anaziweka mwisho, maana kwa mfanyabiashara wa nguo zina picha nyingi na zinakwenda kwa kujikokota. Saa nne kasoro zile zilizoingia zilikuwa zimekwisha, elfu sita na ushee. Akaziachia zilizotumwa zianze kupanda, akajinyoosha.

Sasa, kazi hii ina ugonjwa mmoja ambao kila fundi anaujua. Mara nyingine barua zikihamia seva mpya zinasahau siku yake. Ya miaka kumi iliyopita inajipanga juu kabisa na tarehe ya leo, kana kwamba imetumwa sasa hivi. Huwezi kujua mpaka mtu atazame. Na kwa Bakili, mtu huyo ni mwenye barua. Anampigia simu, anampisha kiti, mteja anatazama mwenyewe mbili tatu, na Bakili anageukia ukutani mpaka aambiwe ziko sawa au haziko sawa. Alifanya hivyo kwa Natvarlal, alifanya hivyo kwa shehe.

Lakini siku ile alijiambia, "Nimtoe mtu Sikukuu kwa ajili ya tarehe tu? Si mke wangu?"

Si mke wangu! Hebu fikiri. Mtu baki anamheshimu, mkewe ndiye anamfanyia rahisi. Akakivuta kile kitambaa, akakitupa juu ya kiti.

Jina la kwanza alilokutana nalo lilikuwa Ismail. La pili, Ismail. La tatu ni la Mkomoro, kisha Ismail, Ismail, Ismail, na pembeni ya kila jina imeandikwa leo, saa nne kasoro dakika tano. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Yuko mtu anaitwa Ismail anamwandikia mke wake barua kumi na tatu asubuhi moja!

Haikuchukua muda akajishtukia. Mjinga wewe, huo si ndio ule ugonjwa wa tarehe? Hizi ni za zamani. Angeishia hapo, angekifunika kioo, angerekebisha mtambo wake, leo hii mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini za zamani lini? Kabla yake au baada yake? Tarehe ya kweli imo ndani, na ya ndani huioni bila kufungua. Akajiambia anafungua moja tu, aone tarehe, afunge.

Tarehe tatu Machi, mwaka elfu mbili na kumi na nne. Akaiona, na hakufunga.

"Mwanne wa roho yangu," aliandika huyo Ismail, "huku Maskati joto linapasua chuma. Nikiwa juu ya kreni naitazama bandari yote hii, natamani hata moja ya meli hizi ingekuwa inakuja Dar na mimi ndani yake. Jana nimekuota umevaa lile gauni la kijani."

Gauni la kijani! Bakili alilijua sana. Ndilo Mwanne alilovaa siku ya kwanza walipotoka pamoja, mwaka huohuo, wakakaa Mnazi Mmoja wanakula aiskrimu na yeye anajiona amevaliwa yeye. Kumbe lina mwenyewe, tena yuko juu ya kreni.

Wahenga walisema ukimchunguza sana bata hutamla, lakini nani anawasikiliza wahenga wivu ukishamkaba koo? Alifungua ya pili. Alifungua ya tano. Ya Aprili, ya Juni, ya Agosti, na alivyosoma ndivyo alivyozidi kuumia, kwa sababu yule bwana alijua kuandika, mwanaharamu. Aliandika mtu unaisikia sauti yake. Bakili katika maisha yake yote alichowahi kumwandikia Mwanne ni "umekula?" na "narudi saa mbili" na siku moja, alipozidiwa na mapenzi, "umekula vizuri?"

Ya mwisho ilikuwa ya tarehe kumi na tatu Septemba. Hapo alishika kichwa. Septemba ile wazee wake walikuwa wameshatoka Tunduru, wameshapeleka posa kwa kina Mwanne, Temeke, na siku imeshapangwa. Na Ismail anasema: "Nimesikia kuna mtu amekuja kwenu. Likizo yangu nimepewa. Nijibu neno moja tu, nije au nisije. Ukisema nije, nakata tiketi leo."

Mwanne alijibu nini? Hakuna. Upande ule zilikuwa barua zilizoingia tu, na jibu la Mwanne lilikuwa katika zilizotumwa, ambazo zilikuwa zinajikokota na picha zake za vijora: zimehama mia mbili na arobaini kati ya elfu nne. Bakili akabaki na swali la mwanamume mwenzake bila jibu la mkewe. Akalijaza mwenyewe. Alimwambia aje. Alikuja, wakaonana. Labda alikuwepo hata harusini, amekula pilau! Akaanza kuwahesabu kichwani wageni wote ambao hakuwafahamu siku ile, miaka yote hii imepita.

Saa saba Mwanne aliingia na hotipoti na chupa ya sharubati ya ukwaju.

"Hamjambo humu! Leo nimekuletea wali na jodari, njaa gani hiyo mpaka umekunja uso?"

Bakili hakuipokea hotipoti.

"Ismail hajambo?" aliuliza.

"Ismail yupi?"

"Wa Maskati. Au unao wengine?"

Mwanne aligeukia mezani. Aliitazama kompyuta, kioo kiko wazi. Akakitazama kitambaa kiko juu ya kiti. Aliiweka hotipoti chini polepole.

"Umesoma," alisema.

"Zimekuja na tarehe ya leo, ilibidi nihakikishe..."

"Ungenipigia. Niko mitaa mitatu toka hapa. Nakuuliza, umesoma?"

"Usinibadilishie kesi, Mwanne! Mimi nimeleta wazee kwenu, wewe unaitwa roho ya mtu, unaulizwa nije nisije! Ulimjibu nini? Eh? Ulimjibu nini huyo mpanda kreni wako?"

Sauti ilivuka kioo. Hafidhi aliinua kichwa chumbani kwake, akakiinamisha haraka.

Mwanne alivuta kiti cha wateja, akakaa. Hakulia wala hakugomba, na wanawake wa Temeke ukiona hawagombi ujue pabaya.

"Si nilikwambia uhamishe zote? Jibu langu nalo limo. Tungoje lifike."

Wakangoja. Mia saba. Mia tisa. Wali ukapoa kwenye hotipoti. Ilipofika elfu moja na mia nne Bakili alianza kuona aibu kidogo, akasema, "Basi, Mama Shadya, yaishe. Ni mambo ya zamani."

"Hayaishi. Umeyaanza mwenyewe, yamalize."

Ilipofika elfu moja na mia saba aliliona, limekaa kati ya picha mbili za madera. Kwake Ismail, kutoka kwa Mwanne. Alitamani umeme ukatike. Siku zote unakatika, siku hiyo ukakataa.

"Soma," Mwanne alisema. "Kwa sauti."

Bakili alisoma. Alianza kwa sauti ya mtu anayedai haki yake.

"Ismail, usije. Sikukatazi kwa sababu umenikosea. Hujanikosea, na hakuna atakayeniandikia kama wewe. Lakini yuko fundi mmoja hapa Kariakoo. Mwezi wa tano kompyuta yangu ilikufa, nikamwachia siku tatu. Barua zako zote zilikuwemo, wala sikuwa nimeweka neno la siri. Siku ya kuifuata nilikuwa naona haya, maana nilijua ameshasoma kila kitu, na mafundi wa huku wanavyotangaza. Nikamkuta ananiuliza jina langu, aandike risiti. Ismail, jina langu liko juu ya kila barua uliyoniandikia..."

Hapo Bakili aliacha kusoma.

"Malizia," Mwanne alisema.

"...na yeye hakulijua. Watu wa nyumbani kwetu wanapekuliana hata mito ya kulalia. Mimi nimechoka kuficha. Huyu hajui maneno, lakini nikiwa naye nitalala nimeacha kila kitu wazi. Nisamehe. Nisahau kwa heri."

Bakili hakuinua uso. Alitaka kusema kitu, na alivyo, lililomjia ni kuuliza kama amekula.

"Nilimjibu hivyo," Mwanne alisema. "Sikukuonyesha kwa sababu niliona ukijua utavimba kichwa." Akacheka kidogo, kicheko kikavu, kisha macho yakamjaa maji. "Wewe ungeniuliza tu, Bakili. Jana ungeniuliza, juzi ungeniuliza, ningekutolea nikusomee mwenyewe."

Alimwita Bakili. Tangu Shadya azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina.

"Nisamehe, mke wangu. Shetani tu. Ngoja nizirekebishe hizo tarehe, nianze upya, nafunika kabisa..."

"Ufunike nini sasa?"

Akasimama, akachomoa nyaya, akaifunga kompyuta yake na barua elfu mbili na zaidi hazijahama. Akavuka ujia, akasimama mlangoni kwa Hafidhi.

"Shemeji, una nafasi? Nina barua za kuhamisha, zimeharibika tarehe."

Hafidhi alimtazama yeye, akamtazama Bakili aliyekuwa amesimama kwenye mlango wake kama mtu aliyefungiwa nje.

"Lakini shemeji, mzee si yupo?"

"Yupo. Ana kazi nyingi."

Mwanne alivuta kiti akakaa bega kwa bega na Hafidhi, macho kwenye kioo, kama anavyokaa mteja yeyote wa Kariakoo kwa fundi asiyemjua, asije akaibiwa. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Bakili alibaki palepale. Ismail alikuwa ameshamtoka moyoni kabisa. Kilichomchoma sasa ni kumwona Hafidhi yule, msomaji mkubwa wa meseji za watu, amekabidhiwa barua zile na ameinamisha kichwa kwa adabu, anagonga herufi polepole kana kwamba yuko msikitini.

Baada ya nusu saa Hafidhi alisimama akampisha Mwanne kiti chake.

"Shemeji, nadhani tarehe zimekaa. Tazama mwenyewe."

Mwanne alihamia kwenye kiti cha fundi, akaanza kutazama. Na Hafidhi, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha, akageuza uso wake upande wa ujia, asione. Macho yake yakakutana na ya Bakili, na Bakili ndiye aliyetazama chini.