Pembe ya Kulia

Harufu ilikuwa sawa. Madirisha yalikuwa wazi, yametiwa ndoano, na shuka zimenyooka vilevile alivyoziacha siku tatu nyuma. Hata hivyo Mama Klorini alisimama mlangoni na ndoo yake, macho yakizunguka.

Ndilo jina walilompa majirani tangu ugonjwa wa kikohozi uingie mjini, maana alikuwa akipita njiani ananuka dawa ya kusafishia kuanzia kichwani hadi kucha. Hakulichukia. Alichokichukia ni kadi.

Kila kitasa katika ile nyumba ya wageni wa likizo kilikuwa na kadi yake: "Chumba hiki kimesafishwa, kikapumzishwa siku tatu, madirisha wazi, bila mtu." Chini yake palikuwa na mstari wa sahihi. Sahihi ya meneja? Thubutu! Ya msafishaji.

Karatasi za namna hiyo alikuwa anazijua. Miaka kumi na mitano nyuma, hotelini alikokuwa akifanya kazi, kipindi cha ugonjwa wa kuhara, mwenye hoteli alikuwa akijaza matangi kwa siri kutoka kisima kibovu. Wageni walipoanza kuanguka, karatasi ikatolewa kabatini: nani aliyetia sahihi kwamba matangi ni safi? Mfagiaji. Mfagiaji akafukuzwa kama mbwa. Mwenye hoteli akaongeza ghorofa. Mama Klorini hajasahau. Hata rangi ya wino anaikumbuka: bluu.

Akaingia bafuni. Macho yakatua kwenye karatasi ya chooni.

Akimaliza chumba, hukunja ncha ya karatasi ya chooni pembe moja tu, ili mgeni ajue haijaguswa. Yeye hutumia mkono wa kushoto. Rula ya mwalimu wa darasa la pili ilijaribu kumgeuza, ikashindwa. Kwa hiyo pembe yake hukunjwa kushoto. Hii ilikunjwa kulia. Nadhifu kabisa, imebanwa kwa ukucha, lakini kulia.

Mtu kalala humu, akawaza. Na aliyefuta nyayo zake anaijua kazi yangu.

Akarudi chumbani, akasukuma kitanda. Nyuma ya mguu wa kitanda palikuwa na pakiti ya vidonge vya kikohozi. Tupu. Aliiokota kwa glavu, akaishika kwa vidole viwili.

"Shemeji!" Meneja alimwita kila mwanamke shemeji, hata asiyejua kwao. "Wageni wako getini. Tia sahihi tumalize."

"Nani kalala humu?"

"Alale nani? Ufunguo ninao mimi."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Karatasi ya chooni imekunjwa kulia."

Meneja akacheka mpaka barakoa ikamshuka kidevuni. "Jamani! Unanifungulia kesi ya karatasi ya chooni?"

"Na hii?"

Alipoiona pakiti, kicheko kilikatika. Akaipandisha barakoa upesi, akarudi nyuma hatua mbili. Mama Klorini akaziona zote mbili.

"Alikuwa mmoja tu," meneja akanong'ona. "Juzi. Alisema ni mafua."

"Mafua yaliyomaliza pakiti nzima."

"Punguza sauti! Wako kumi wanaoitaka ndoo hiyo."

"Ndoo ni yangu. Waje na zao."

Wageni wakatokea kwenye korido: mwanamke mwenye begi, na mama yake, bibi aliyetoka hospitali wiki iliyopita, anatembea akishika ukuta na kupumzika kila hatua tatu. Mapafu yake yalikuwa bado mabovu. Nyumba hii waliichagua kwa sababu ya kadi.

"Karibuni, karibuni! Chumba kimepumzika, shemeji huyu ndiye shahidi," meneja akasema.

Binti akaiinamia kadi. "Mbona haina sahihi?"

"Anatia sasa hivi." Meneja akamsukumia Mama Klorini kalamu kwenye mkono wa kulia, akaibana kwa nguvu.

Mama Klorini akamtazama bibi, kifua chake kikipanda na kushuka kwa shida. Akaihamishia kalamu kushoto. Mstari ulikuwa mfupi, akapitiliza hadi pembeni: "Si kweli. Mtu mwenye kikohozi kalala humu juzi." Ndipo akatia sahihi, akampa binti.

Binti akasoma kwa sauti. Korido nzima ikasikia.

"Amechanganyikiwa na dawa zake huyu!" meneja akasema.

Bibi akanyoosha mkono, akaichukua kadi, akaisoma mwenyewe pole pole. "Mwanangu," akamwambia binti, "rudisha begi garini." Kadi akaitia kwenye mkoba wake.

"Shemeji, samahani, hiyo ni mali ya nyumba."

"Na mapafu haya ni mali ya nani?"

Meneja akamgeukia Mama Klorini, macho yamemwiva. "Usikanyage tena hapa."

"Sikanyagi." Alikuwa ameshainua ndoo. "Shika upande wa pili wa begi, dada, nikusaidie. Mama asibebe kitu."

Na kalamu akaondoka nayo. Wino wake ulikuwa bluu.