Kiti cha Keza

Siku ya kuandikisha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, Mwalimu Leonsia alimkuta Keza juu hewani tena, kichwa kimegusa kenchi za paa, anamalizia hesabu za darasa la saba. Mwenyewe alikuwa wa darasa la tatu. Alizaliwa kiziwi, na hesabu ikiwa ngumu ilimnyanyua. Wenzake walimvuta sketi, akashuka, somo likaendelea.

Miaka yote mama yake alimficha siku za orodha. Alikotoka yeye, jina likishaandikwa, lori la kuchukua watu halikawii. Leonsia alimbembeleza wiki tatu, akimwahidi kwamba Keza akiandikwa ataletewa mwalimu wa lugha ya alama. Mwishowe mama alikubali, siku hiyo akamleta mwenyewe akiwa amemshika mkono.

Bwana Frednand, afisa aliyetoka wilayani, alifungua kishikwambi.

“Kiziwi au mwenye kipaji? Mfumo unapokea kimoja.”

“Ni vyote viwili, mheshimiwa.”

“Fungu la fedha za viziwi limeisha. Kipaji kina safu, fungu hakina.” Alitazama juu, Keza alikokuwa ameshapaa tena. “Miguu inafika chini?”

“Akifikiri, haifiki.”

“Basi ulemavu wa viungo. Huko kuna kitu.”

Hakuwa mtu mbaya. Hakutaka kuondoka bila kumwachia mtoto chochote. Leonsia alijua si kweli. Lakini mchagua jembe si mkulima, akatia sahihi.

Muhula wa pili Bwana Frednand alileta kiti cha magurudumu, kizito, chenye mkanda. Mama Keza aliitwa kushuhudia.

“Shikamoo, mwalimu. Huyo wa kumfundisha kuongea yuko wapi?”

“Marahaba, mama. Hajaja. Wameleta hiki.”

Walimfunga mkanda. Leonsia aliandika hesabu ubaoni, maana ratiba ilikuwa ya hesabu. Keza aliitazama, akapaa pamoja na kiti, magurudumu yakizunguka polepole juu ya vichwa vya watoto. Bwana Frednand alipiga picha, akaandika: kifaa kinatumika.

Huko juu Keza alianza kuongea kwa mikono, kwa haraka, maneno mengi ambayo hakuna aliyemfundisha. Mama yake alisogea chini yake, akainua uso. Alizijua ishara zake za nyumbani tu: maji, maharage na njoo. Alingoja mojawapo ipite. Haikupita hata moja.